Pointi 29 za Portsmouth

Waliokuwa kwenye kibanda umiza jioni ya Machi 8, 2008 hawajasahau sura ya Rio Ferdinand akiwa amevaa glovu. Manchester United ilikuwa nyumbani Old Trafford, robo fainali ya Kombe la FA. Edwin van der Sar alikuwa ametoka na maumivu, Tomasz Kuszczak aliyeingia badala yake akamwangusha Milan Baroš ndani ya boksi na kulambwa kadi nyekundu, na United ilikuwa imeshamaliza nafasi zote za kubadilisha wachezaji. Beki akakaa golini. Sulley Muntari wa Ghana akaweka mpira chini, akapiga, ukaingia. Portsmouth 1, Manchester United 0.

Mei 17 mwaka huohuo, Wembley, John Utaka alimimina krosi kutoka kulia, kipa wa Cardiff akautema mpira, na Nwankwo Kanu akausukumia wavuni. Wanaijeria wawili, bao moja, kombe. Kwa mji wa bandari wa Portsmouth, kusini mwa Uingereza, uliokuwa umelibeba Kombe la FA kwa mara ya mwisho mwaka 1939, lilikuwa jambo la kusimuliwa kwa wajukuu. Huku kwetu tulilishangilia kama letu. Timu ile ilikuwa na Kanu, Utaka, Muntari, Papa Bouba Diop na Lauren. Haikuwa rahisi kutoipenda.

Miezi 21 baada ya bao la Kanu, klabu hiyohiyo ilikuwa ya kwanza katika historia ya Premier League kuwekwa chini ya msimamizi kwa kushindwa kulipa madeni. Miaka mitano baada ya bao lile, ilikuwa daraja la nne. Katikati hapo ilikatwa pointi mara tatu: 9 mwaka 2010, 10 mwaka 2012 na 10 mwaka 2013. Jumla 29. Kisa cha Portsmouth kimesimuliwa sana kama kisa cha matajiri wanaokuja na kuondoka, na ni kweli. Ila mimi nataka tuzifuate zile pointi 29 na zile pesa, tuone kila adhabu ilimwangukia nani. Nimeirudia misimamo ya ligi ya miaka ile mara nyingi, na kila nikiirudia naona waliokosa na walioadhibiwa ni watu tofauti.

Tuanze na pesa. Fratton Park ni uwanja mzuri wa zamani uliobanwa na nyumba za watu, na unaingiza watazamaji elfu 20 na kidogo. Klabu yenye uwanja wa ukubwa huo haina mlango mpana wa kuingiza fedha ukiacha haki za televisheni. Hata hivyo, katika msimu wa kombe, 2007/08, Portsmouth ilipata mapato ya pauni milioni 70 hivi, na katika hizo takriban milioni 55 zilikwenda kwenye mishahara. Zaidi ya robo tatu ya kila pauni iliyoingia ilitoka kama mshahara kabla hujalipa umeme, usafiri, hoteli, riba ya mikopo na bei za usajili. Pengo lilizibwa na mfuko wa mmiliki, Alexandre Gaydamak, aliyeinunua klabu kutoka kwa Milan Mandarić mwaka 2006, pamoja na mikopo. Wahenga wa pwani walishalisema hili: kukopa harusi, kulipa matanga.

Kilichofanya harusi ionekane kubwa ni namna wachezaji wanavyonunuliwa. Klabu ikitangaza kumsajili mtu kwa pauni milioni 10, mara nyingi hailipi milioni 10 siku ile. Inalipa awamu ya kwanza, na zinazobaki zinasambazwa kwa miaka miwili au mitatu. Ni mkopo, ila haumo kwenye benki. Umo kwenye mikataba ya usajili. Mmiliki akiendelea kutia pesa, hakuna anayegundua. Akisimama, awamu hazisimami.

Gaydamak alisimama mwaka 2008 ulipokuwa unaisha, wakati mtikisiko wa fedha duniani ulipowapata watu wengi wa aina yake. Harry Redknapp aliondoka Oktoba kwenda Tottenham. Novemba 27 Fratton Park ilipokea AC Milan kwenye Kombe la UEFA, na Portsmouth iliongoza 2-0 kwa mabao ya Younès Kaboul na Kanu hadi dakika za mwisho, Ronaldinho na Filippo Inzaghi waliposawazisha. Ulikuwa usiku wa juu kabisa katika maisha ya mashabiki wengi wa pale. Januari iliyofuata Lassana Diarra aliuzwa Real Madrid na Jermain Defoe akarudi Tottenham. Kiangazi cha 2009 wakaondoka Glen Johnson, Peter Crouch, Niko Kranjčar na Sylvain Distin. Mamilioni yaliingia na hayakukaa, kwa sababu kila pauni ilikuwa imeshasubiriwa mlangoni na mdai.

Halafu ukaja msimu wa 2009/10, na wamiliki wanne ndani ya msimu mmoja. Gaydamak alimuuzia Sulaiman Al Fahim wa Falme za Kiarabu mwezi Agosti. Kabla wiki sita hazijatimia, asilimia 90 ya hisa zikaenda kwa Msaudi Ali al-Faraj, ambaye mashabiki hawakuwahi kumwona uwanjani. Februari 2010 klabu ikaangukia mikononi mwa Balram Chainrai, mfanyabiashara wa Hong Kong, aliyekuwa ameikopesha klabu mamilioni na kushika dhamana. Mkopo haukulipwa, akachukua. Wote hao walipita kwenye mizani ya Premier League ya kupima kama mtu anafaa kumiliki klabu. Mizani ile iliuliza kama mtu ana rekodi ya makosa. Haikuuliza kama ana pesa ya kuendesha timu hadi Mei.

Mishahara ya wachezaji ilichelewa Oktoba, ikachelewa tena Desemba, na ikachelewa tena baada ya mwaka mpya. Klabu ilifungiwa kusajili. Tovuti yake rasmi ikazimwa kwa sababu kampuni iliyoiendesha haikulipwa. Premier League ikachukua fedha za televisheni za Portsmouth na kuzipeleka moja kwa moja kwa klabu zilizokuwa zinaidai. Kuna kisa kimoja kidogo kinachoonyesha hali ilivyokuwa ndani: Aruna Dindane, mshambuliaji wa Ivory Coast aliyekuwa kwa mkopo kutoka Lens, alikaa nje akiwa mzima na akiwa kwenye kiwango, kwa sababu mkataba ulisema akifikisha idadi fulani ya mechi Portsmouth italazimika kulipa ada ya kumnunua. Kocha Avram Grant alikuwa anapanga kikosi huku akihesabu mechi za mtu kama anavyohesabu akiba ya unga.

Aliyesukuma klabu hadi ukingoni ni mamlaka ya kodi. Kodi inayokatwa kwenye mshahara si pesa ya klabu hata kidogo. Mwajiri anaikata kwa niaba ya serikali na anatakiwa kuipeleka. Portsmouth ilikuwa inaikata na kuitumia. Mamlaka ikaenda Mahakama Kuu kuomba klabu ifungwe na mali zake ziuzwe. Ili kuepuka hilo, Februari 26, 2010 klabu iliwekwa chini ya msimamizi, Andrew Andronikou. Hii si sawa na kufilisiwa. Msimamizi huchukua funguo, wadai huzuiwa kwa muda kukamata mali, na yeye hujaribu kuiendesha kampuni huku akitafuta mnunuzi na kupatana na wadai. Ni kama mgonjwa kuingizwa chumba cha wagonjwa mahututi, ambako wengine hutoka wakitembea.

Wiki mbili hivi baada ya hapo wafanyakazi 85 waliachishwa kazi. Wachezaji wenye mishahara mikubwa walibaki kwa sababu mikataba yao inalindwa na kanuni za ligi na hawakuweza kuuzwa nje ya dirisha la usajili. Watu wa ofisini na wa shughuli za kila siku, waliokuwa wakiifanya klabu iwe klabu siku zisizo za mechi, walipewa barua.

Katikati ya Machi zikakatwa pointi 9.

Kanuni hii ina historia ya haki. Leicester City iliingia chini ya msimamizi Oktoba 2002, ikapunguza madeni yake kwa njia hiyo, na miezi michache baadaye ikapanda Premier League ikiwa na kikosi ambacho wapinzani wake waliolipa bili zao wasingeweza kukimudu. Wapinzani walilalamika, na walikuwa na haki kabisa. Football League, inayoendesha madaraja yaliyo chini ya Premier League, ikaweka adhabu ya pointi 10, na Wrexham ikawa ya kwanza kukatwa, mwaka 2004. Premier League ilikuwa na yake ya pointi 9. Wazo lake ni kwamba anayetumia pesa asizokuwa nazo anawaibia wanaotumia walizonazo, na njia pekee ya kuirudisha haki hiyo iko kwenye msimamo wa ligi. Silipingi wazo hilo.

Lakini angalia hesabu. Portsmouth ilimaliza msimu wa 2009/10 ikiwa na pointi 19, mkiani kabisa. Rudisha zile 9, inakuwa 28. Burnley na Hull City, waliokuwa juu yake, walikuwa na 30 kila mmoja. Kwa maneno mengine, hata isingekatwa hata pointi moja, ingemaliza palepale ilipomaliza, nafasi ya 20. Adhabu ya kwanza, iliyopigiwa kelele kuliko zote, haikubadilisha kitu kwenye msimamo. Timu ilikuwa imeshashushwa na dirisha la usajili la kiangazi.

Ilishuka rasmi Aprili 10. Kesho yake ilicheza nusu fainali ya Kombe la FA na kuifunga Tottenham 2-0 katika muda wa nyongeza, Tottenham ya Redknapp, Defoe, Crouch na Kranjčar, watu waliokuwa wao msimu wa 2008/09 ulipoanza. Frédéric Piquionne akafunga la kwanza, Kevin-Prince Boateng la pili kwa penalti. Kwenye fainali ya Mei 15 Boateng alikosa penalti dhidi ya Petr Čech na bao la mpira wa adhabu la Didier Drogba likaipa Chelsea kombe. Kwa kuwa Chelsea ilikuwa pia bingwa wa ligi, Portsmouth ingestahili kwenda Europa League kama mshindi wa pili wa kombe, lakini haikupewa leseni. Hii ni adhabu nyingine ambayo watu huisahau kwa sababu haina namba.

Sasa tuje kwenye ile orodha ya wadai, sehemu inayoniuma kuliko zote.

Msimamizi anapoingia hutengeneza orodha ya kila anayedai. Madeni ya Portsmouth yalipita pauni milioni 100 kwa mbali. Juu walikuwemo wamiliki wa zamani, mamlaka ya kodi, klabu nyingine na mawakala. Ukishuka chini unakutana na majina ambayo hayakupaswa kuwa kwenye karatasi moja na mishahara ya Premier League. St John Ambulance, watu wa kujitolea wanaokaa pembeni ya uwanja na mikoba ya huduma ya kwanza, wanaomkimbilia mzee aliyezimia jukwaani: walikuwa wanadai pauni 2,702. Kikundi cha maskauti wa hapohapo mjini kilikuwa kinadai pauni 697.

Katika kampuni ya kawaida, wadai wasio na dhamana hugawana kilichobaki kwa uwiano sawa. Mpira wa Uingereza una kanuni yake inayoitwa ya wadai wa soka: klabu haiwezi kurudishiwa uanachama wake wa ligi mpaka iwe imewalipa wachezaji wake na klabu nyingine kila kitu wanachodai, peni kwa peni. Hao ni wadai wa soka. Mamlaka ya kodi, mwenye duka la maua, fundi bomba, kampuni ya mabasi, St John Ambulance na maskauti si wadai wa soka. Hao hupewa kitakachosalia. Kwa Portsmouth, mapatano ya Juni 2010 yaliwaahidi peni 20 kwa kila pauni, tena kwa kipindi cha miaka.

Piga hesabu ya wale wa huduma ya kwanza. Asilimia 20 ya pauni 2,702 ni pauni 540 na peni kidogo, za kusubiri kwa miaka. Klabu iliyomuuzia Portsmouth mshambuliaji asiyehitajika inapata chote.

Wanaoitetea kanuni hii wana hoja, na ninaielewa. Wanasema ligi ni mnyororo: Portsmouth isipoilipa Watford, nayo Watford itashindwa kuilipa nyingine, na ligi nzima itaanguka kama nyumba za kadi. Ni kweli mnyororo upo. Lakini kinachofanyika hapo ni kuziondolea klabu woga wa kumkopesha asiyelipa. Mwenye duka angejua kuwa jirani yake halipi, angeacha kumkopesha. Klabu ya Premier League ilimuuzia Portsmouth mchezaji kwa awamu bila hofu yoyote, maana kanuni ilishamhakikishia kwamba hata mnunuzi akianguka, yeye atalipwa kwanza. Maskauti ndio waliokuwa dhamana, bila kuulizwa na bila kusaini popote.

Mamlaka ya kodi ilipigana na mapatano yale. Ilidai inadai pauni milioni 37 hivi. Msimamizi akaikubalia 24 tu, na kwa hesabu hiyo haikuwa na kura za kutosha kuyazuia. Agosti 2010 Mahakama Kuu ikaitupilia mbali pingamizi yake. Ikafungua kesi nyingine dhidi ya Football League kuhusu kanuni yenyewe ya wadai wa soka, na Mei 2012 ikashindwa tena. Kisheria kanuni ilisimama.

Portsmouth ikavuka 2010/11 katika daraja la pili, nafasi ya 16, bila makelele. Juni 2011 Chainrai aliiuza kwa kampuni ya Convers Sports Initiatives ya Vladimir Antonov. Novemba, serikali ya Lithuania iliitaifisha benki ya Snoras ambayo Antonov alikuwa mwanahisa wake mkubwa, hati ya kumkamata ikatolewa, na kampuni yake iliyomiliki Portsmouth ikaingia chini ya msimamizi. Januari 2012 mamlaka ya kodi ilikuwa mahakamani tena kwa kodi mpya ya zaidi ya pauni milioni 1.6. Februari 17 klabu ikawekwa chini ya msimamizi kwa mara ya pili ndani ya miaka miwili, safari hii Trevor Birch. Waliokuwa wakisubiri peni zao 20 wakajikuta nyuma ya foleni nyingine. Pointi 10 zikakatwa.

Na hizi ndizo zilizoua. Portsmouth ilimaliza msimu wa 2011/12 ikiwa na pointi 40, nafasi ya 22, ikashuka. Uwanjani ilikuwa imekusanya 50: ushindi 13, sare 11. Barnsley iliyobaki ilikuwa na 48. Bristol City iliyobaki ilikuwa na 49. Wachezaji wa kocha Michael Appleton walifanya kazi ya kutosha kubaki juu ya timu zote mbili, na wakashushwa na benki iliyofungwa Vilnius. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na sauti juu ya nani anunue klabu. Mashabiki nao hawakuwa nayo.

Walioshuka hawakuwa wamefika chini bado. Ili klabu isife kabisa, Birch alihitaji kila mchezaji mkubwa aondoke, na kiangazi kile wote waliondoka, wa mwisho wiki moja tu kabla ligi haijaanza. Kikosi kikaundwa upya kwa vijana wa akademi na watu wa mikataba ya muda mfupi. Kuanzia Oktoba hadi Machi walicheza mechi 23 bila kushinda hata moja. Watazamaji waliendelea kuja.

Pointi 10 za mwisho zilikuja Aprili 2013, kama sharti la Ligi la kuitoa klabu kwa msimamizi na kuikabidhi uanachama kwa mmiliki mpya. Msimu ulikuwa umeshapotea: walimaliza na 32, na hata wangerudishiwa zile 10 wangekuwa na 42, na timu ya mwisho kunusurika bado ingekuwa juu yao. Safari hii waliochukua klabu walifurahi adhabu iangukie msimu ule badala ya ule uliofuata. Kwa hiyo katika pointi 29, ni 10 tu za mwaka 2012 zilizobadilisha daraja. Na zilikatwa kwa kosa lililofanyika benki ya nchi nyingine.

Waliochukua klabu ni mashabiki wenyewe. Chama chao, Pompey Supporters' Trust, kilikuwa kimewaomba watu watoe pauni 1,000 kila mmoja kununua hisa, na zaidi ya 2,000 walitoa. Wengine walichangishana vikundi vikundi, wakanunua hisa moja kwa majina kadhaa. Halmashauri ya jiji ikawakopesha sehemu ya fedha za kuununua uwanja. Chainrai alikuwa bado ameushikilia Fratton Park kama dhamana, na ilibidi Mahakama Kuu ndiyo iamue. Aprili 10, 2013 wakapatana nje ya chumba cha hukumu kwa pauni milioni 3. Agosti 3 mwaka huo, siku ya kwanza ya daraja la nne, watu 18,181 walikwenda Fratton Park kuona timu yao ikifungwa 4-1 na Oxford United.

Nikiulizwa kama adhabu ya pointi ifutwe, nasema hapana. Bila hiyo, kila klabu itafanya alichofanya Leicester. Ila adhabu inayokuja baada ya mmiliki kuondoka haimfundishi mmiliki chochote. Gaydamak hakushuka daraja, wala Antonov hakukatwa pointi. Derby County msimu wa 2021/22 ilikatwa pointi 21, ikamaliza na 34 na kushuka, wakati uwanjani timu ya Wayne Rooney ilikuwa imekusanya 55 za kubaki kwa raha. Ni kisa kilekile, miaka kumi baadaye, na wachezaji na mashabiki walewale wasio na saini kwenye hundi yoyote. Pa kuziba ni mlangoni, pale mtu anapokuja kununua: ana pesa kiasi gani, ni zake, na zitatosha muda gani? Bunge la Uingereza lilipitisha sheria Julai 2025 ya kuunda mdhibiti huru wa soka mwenye mamlaka ya kuuliza maswali hayo kabla, tena kwa klabu zote hadi daraja la tano. Imechukua miaka 15 tangu Portsmouth. Huku kwetu Tanzania, kanuni ya wanachama kubaki na asilimia 51 na mwekezaji kuishia 49 imelalamikiwa sana kwamba inawakimbiza matajiri, na hoja za pande zote nazijua. Ninapoisikia, huwa namkumbuka shabiki wa Portsmouth ambaye Februari 2010 hakuwa na hata asilimia moja, na alisoma gazetini jina la mmiliki wake mpya kwa mara ya tatu tangu Agosti.

Kuna deni moja limebaki sijalisimulia. Mashabiki walipoinunua klabu mwaka 2013, kanuni ya wadai wa soka ilikuwa palepale. Walirithi mamilioni ya pauni waliyokuwa wakidai wachezaji wa zamani na klabu nyingine kutokana na mikataba ya zama za Premier League, na ilibidi walipe yote, si peni 20 kwa kila pauni. Klabu iliyokuwa ikicheza daraja la nne ilikuwa kila mwezi inapeleka pesa kwa watu walioichezea daraja la kwanza. Mwisho wa Septemba 2014 klabu ilitangaza kwamba deni hilo la zamani limekwisha lote. Jumamosi zilizofuata Fratton Park, wale wa huduma ya kwanza walikuwa wamekaa palepale pembeni ya uwanja, na mikoba yao miguuni.